Folda ya Herufi Sitini

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa kazi! Miaka saba tangu nistaafu kufundisha hesabu, na leo nimeombwa jambo ambalo si kushika ngazi wala kuonja chumvi.

Binti yangu amepita asubuhi, mkoba umejaa madaftari. Anafundisha uandishi wa programu katika chuo cha ufundi. Mwaka wa kwanza, bado yuko kwenye majaribio. Jumatatu ijayo wanafunzi wake wana mtihani wa vitendo. Kompyuta ishirini na nne, zote kuukuu, na hakuna hata moja yenye kitafsiri. Bila kitafsiri hakuna mtihani, na bila mtihani mkuu wa chuo hatamthibitisha kazini. Ameniambia hayo huku akicheka. Namjua mwanangu. Hakuwa anacheka.

Nieleze, ingawa najieleza mwenyewe. Kitafsiri ni programu inayochukua maandishi ya mtu na kuyageuza kuwa maagizo ambayo kompyuta inayaelewa. Hiki tunachokitaka kimeandikwa na watu zaidi ya elfu moja, wengi wao hawajaonana hata siku moja, katika mafaili elfu arobaini. Elfu arobaini! Na yote yanaafikiana! Mimi nilishindwa kuwafanya walimu wanne waafikiane juu ya ratiba moja.

Njia za kukipata ni mbili. Unaweza kuchukua maandishi hayo yote ukakijenga mwenyewe. Sisi wenye kazi hii husema "kupika". Kwa kompyuta kama yangu, ni kazi ya saa kumi na moja. Au unachukua kilichokwisha kupikwa na waliokibuni, unakifunga kuwa kifurushi, unakipeleka ghala kuu. Kuanzia hapo msimamizi wa vifurushi, programu iliyomo ndani ya kila kompyuta, anaambiwa neno moja tu. Anakwenda ghalani, anachukua, anafungua, anapanga kila kipande mahali pake. Ni kama kuletewa kabati lililokwisha kuundwa badala ya kuletewa gogo. Na chuo hakiruhusu kitu chochote kisichotoka ghala kuu.

Nimemwambia aniachie mimi. Amesema, "Baba, funga kilichokwisha kupikwa tu. Usianze mambo yako."

Sijui mambo yangu ni yapi.

Jumanne, 5 Machi

Kuna Fundi Saa. Lazima nimwandike.

Ana kibanda chake mtaa wa pili, anatengeneza saa za mkononi. Rika langu. Ana vifurushi sita ghala kuu. Sita! Kila kifurushi kina mstari unaosema mtunzaji wake ni nani, na mtu yeyote akiuliza habari za kifurushi, popote alipo, jina linajitokeza kwenye kioo chake. Jina la Fundi Saa limejitokeza kwenye maelfu ya vioo. Langu limejitokeza kwenye bango la mahafali, likakosewa.

Nimepata habari kwamba naye anakifunga kitafsiri hichohicho. Anakifunga kilichopikwa na wenyewe. Mistari thelathini na mmoja ya maelekezo, basi. Kazi ya kufunga kamba!

Mimi nimeamua kupika. Mafaili elfu arobaini yapite mikononi mwangu, hapa sebuleni. Nimeifungulia kazi hii folda yenye hadhi yake:

/nyumbani/mwalimu-mstaafu/kazi-ya-mikono-yangu-mwenyewe/zana

Herufi sitini, ukihesabu na vistari vyake. Namba nzuri, inagawanyika kwa mbili, tatu, nne, tano na sita.

Nimewasha saa moja asubuhi. Maandishi yanashuka kwenye kioo kama mvua. Nimevuta kiti nikaangalia, chai ikapoa. Kuna hatua moja ambapo kitafsiri, kikiwa bado nusu, kinaanza kujipika chenyewe ili kijimalizie. Nimesimama! Sijui kwa nini nimesimama. Kuna vitu mtu havitazami akiwa amekaa.

Saa kumi jioni mke wangu kachomeka pasi. Yeye ni mshonaji, ana gauni la mteja. Swichi kuu ikaruka. Nyumba kimya. Saa tisa za mapishi zimekwenda. Nimemweleza kwa utulivu jinsi umeme unavyogawanyika ndani ya nyumba. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama gauni lijinyooshe lenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Nimeficha pasi nyuma ya pipa la unga.

Mapishi yamekwisha saa kumi na mbili jioni. Nimeandika programu ya mistari mitatu, nikaipa kitafsiri changu. Kimya kidogo. Kisha kioo kikajibu: "Salamu." Jambo lililofikiriwa na watu elfu moja limefika mpaka kwenye meza yangu yenye mguu mmoja mfupi, na limenisalimu. Macho yamelowa. Mke wangu kasema ni vitunguu, lakini vitunguu vilikuwa kwake jikoni.

Nimefunga kifurushi, nimekituma kwa Bawabu.

Bawabu ndiye mkaguzi wa ghala kuu. Hakuna anayejua anaishi wapi, ni mwanamume au mwanamke, ni kijana au mzee mwenzangu. Kila kifurushi kinapita mbele yake. Huandika kwa ufupi kabisa. Wengine humwogopa. Mimi namheshimu kama nilivyomheshimu mkaguzi wa shule, yaani namwogopa.

Mke wangu ameiona pasi. Ameiweka juu ya kibodi yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ngumu.

Bawabu amejibu kabla sijanawa uso: "Kinafanya kazi kwako tu. Kinatafuta vipande vyake nyumbani kwako."

Nimekikagua na ni kweli. Kitafsiri kinapopikwa hukariri mahali kilipozaliwa. Njia ile ya herufi sitini imeingia ndani yake, tumboni, kati ya maagizo, mahali kumi na saba. Kikifika kwenye kompyuta ya mtu mwingine kinaulizia kwanza: iko wapi folda ya mwalimu mstaafu? Haipo. Kinalala. Na Bawabu ameligundua hilo kwa dakika chache, kati ya mamilioni ya alama! Mimi nilikuwa nikisahihisha daftari moja kwa robo saa.

Nikapata wazo. Wazo safi. Kama kitafsiri kinaitafuta folda yangu, dawa ni kuipeleka folda! Nimeongeza mstari mmoja kwenye maelekezo: kila kompyuta ikipokea kifurushi, ijitengenezee kwanza folda ya mwalimu mstaafu, kazi ya mikono yangu mwenyewe. Kompyuta zote. Ulimwengu mzima. Nimetuma, nikaenda kunyoa ndevu.

Bawabu: "Hapana."

Sijapata kuona neno moja lililofanya kazi kubwa namna hiyo.

Saa nane mchana kifurushi cha Fundi Saa kimekubaliwa. Cha saba! Nimekaa nikitazama ukuta.

Saa kumi binti yangu kapiga simu. Amekichukua cha Fundi Saa kwenye kompyuta zake zote ishirini na nne. Kimeingia vizuri, ila kila anapokiwasha kinaandika mstari mmoja, "Agizo halijulikani", na kufa. Zote. Maana waliokipika walipika kwa kompyuta za kisasa, na za kisasa zina maagizo mapya ambayo hizi kuukuu hazikuwahi kufundishwa.

Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: kwa muda wa pumzi moja nilifurahi. Kisha binti yangu akasema, "Basi, Baba. Nitamwambia mkuu kesho," kwa sauti aliyokuwa nayo akiwa na miaka sita, siku aliyopotea sokoni. Nimemwomba asimwambie mtu kitu mpaka Jumapili.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kibandani kwa Fundi Saa. Nilipanga kujifanya napeleka saa yangu nichungulie kioo chake. Saa nimeisahau nyumbani. Nimefika nikaonyesha mkono mtupu. Fundi Saa ametazama mkono, amenitazama usoni, akasema, "Karibu, Mwalimu. Chako kimekataliwa na changu kimekufa. Kaa."

Ana lenzi jichoni kutwa nzima, hata anapokunywa maji. Ameniuliza kompyuta yangu ni ya mwaka gani. Nimemwambia ukweli: chuo kilipoondoa mashine moja darasani, binti yangu ndiye aliyeniletea. Ni ndugu wa zile ishirini na nne, tumbo moja. Lenzi ikamdondoka.

"Kwa hiyo chako kimepikwa kwa mashine kama zao," kasema. "Chako kitaishi kule! Una kitafsiri kizima, Mwalimu. Kina anwani mbaya tu."

Nimemweleza kwa upole kwamba hilo nilikuwa nimelifikiria tangu awali. Amecheka hadi bisibisi ndogo zikaanguka. Kisha akaniuliza njia ya folda yangu ni ipi. Nikamwandikia. Ameisoma polepole. Nikasubiri kejeli. Badala yake kanishika bega.

Alivyonieleza, kama nilivyomwelewa: ndani ya programu iliyokwisha kupikwa huwezi kuongeza hata herufi moja. Kila kitu kimepangwa kama meno ya saa, ukisukuma kimoja vyote vinahama. Ila unaweza kuandika kitu kifupi juu ya kirefu, na nafasi inayobaki ukaijaza sifuri. Anwani inayotakiwa na ghala ni /zana/kitafsiri. Herufi kumi na tano. Mimi nina sitini.

"Wengine huandika majina mafupi, wanakwama," kasema. "Wewe kwa kujipenda kwako umetuachia nafasi ya kugeuza lori."

Nimelichukulia kama pongezi.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi Saa amefunga kibanda, amekuja kwangu na lenzi yake. Nimemwambia kwenye kompyuta lenzi haina kazi. Ameivaa.

Sijawahi kuona kazi kama ile. Kitafsiri kilichopikwa hakisomeki. Ni namba tupu, kurasa kwa kurasa. Katikati ya namba hizo, ghafla, jina langu! Mwalimu mstaafu, katika giza lile, kama mtu amekaa ndani ya injini. Fundi Saa kahesabu, kaandika herufi kumi na tano, kajaza sifuri arobaini na tano. Mara kumi na saba. Hakukosea hata moja. Nilikuwa nimezuia pumzi, mke wangu akanigonga mgongoni.

Tumekihamishia kwenye folda nyingine, tumekiwasha. "Salamu." Tumepeana mikono kama wakuu wa nchi.

Kisha muhuri. Nieleze muhuri. Kifurushi kikikamilika, hesabu maalumu hukipitia chote na kutoa alama yake ya kidole, herufi na tarakimu sitini na nne. Ghala hukipima upya kikifika. Zikilingana, hakijaguswa njiani. Kwa hiyo tumepiga muhuri, Fundi Saa kaaga, akaniachia mimi kutuma.

Akaondoka. Nikabaki mimi na zile sifuri arobaini na tano.

Zimekaa bure! Hazisomwi na mtu. Nafasi tupu, ndani ya kitu kitakachoingia kompyuta ngapi sijui. Na ni mimi niliyepika! Nimeandika hivi, mahali pamoja tu kati ya kumi na saba: "Kimepikwa na Mwalimu, sebuleni kwake". Alama thelathini na sita. Imeingia na nafasi ikabaki. Nimetuma.

Leo nitalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Jumapili, 10 Machi

Nilisahau muhuri.

Kipima cha ghala hakikuhitaji hata Bawabu. Alama za kidole hazikulingana. Nimeziweka mbili kando kwa kando, ya kabla na ya baada. Hakuna panapofanana! Nimegusa alama thelathini na sita kati ya mamilioni, na alama ya kidole imegeuka yote, kama mtu mwingine kabisa. Nimekaa nikiistaajabia hesabu ile kwa nusu saa nzima, nikisahau kwamba iliyonaswa ni mimi.

Ndipo ikaja barua ya Bawabu, ndefu kuliko zote: "Kimechezewa baada ya muhuri. Mtunzaji huyu hatapokelewa tena kwa kifurushi hiki. Leteni kisafi chenye mtunzaji mwingine kabla ya saa kumi. Baada ya hapo sipo mpaka Jumatano."

Saa hiyo ilikuwa saa nane na nusu. Mtihani ni kesho.

Nimemwita Fundi Saa. Binti yangu amekuja pia, amevaa viatu visivyolingana. Nimewaeleza. Nimeanzia mbali kidogo, kwenye historia ya mihuri. Binti yangu kasema, "Baba, umefanya nini?" Nikafika haraka.

Fundi Saa amezifuta herufi zangu, sifuri zikarudi, muhuri mpya ukapigwa. Saa tisa na robo. Kikabaki kitu kimoja, mstari wa mtunzaji. Nikasema si haki kazi yangu ya saa ishirini itangazwe kwa jina la mtu mwenye saba tayari. Fundi Saa kasema hata mimi nikimpigia magoti hatabeba mzigo uliochezewa, ana sifa ya kulinda. Nikasema basi abebe. Akasema habebi. Nikasema hivyo ndivyo alivyokuwa tangu zamani. Akauliza zamani ipi, wakati tumejuana kwenye foleni ya maji mwaka juzi. Binti yangu alikuwa ameketi mkono kwenye paji la uso, akitazama saa ya ukutani. Yeye mwenyewe hawezi kuwa mtunzaji, chuo hakiruhusu mwalimu kujipelekea kifurushi. Tisa na nusu. Tisa na dakika arobaini.

Mke wangu alikuwa ananyoosha kola, maana kompyuta isipopika swichi huivumilia pasi. Kaichomoa pasi, kaisimamisha, kaja mbele ya kompyuta.

"Wazee wangu, pisheni. Mnaandika wapi?"

Fundi Saa kamwonyesha kwa kidole. "Hapa, shemeji."

Kaandika herufi moja moja, kwa kidole kimoja: Mshonaji. Kabonyeza. Karudi kwenye kola.

Saa tisa na dakika hamsini na mbili Bawabu kajibu: "Kimepokelewa. Karibu, Mshonaji."

Mimi katika maisha yangu yote Bawabu hajaniambia karibu.

Jumatatu, 11 Machi

Tuliruhusiwa kusimama nyuma ya darasa, mimi, Fundi Saa na mke wangu. Mkuu wa chuo alisimama karibu na mlango, mikono nyuma.

Binti yangu kaandika neno moja kwenye kompyuta yake. Ishirini na nne zikaanza kwa pamoja. Mistari ile midogo inayoonyesha kifurushi kinavyoingia ikajaa kutoka kushoto kwenda kulia, kila kioo kwa mwendo wake, kisha kimoja baada ya kingine vikatulia. Dakika nne! Saa zangu ishirini, watu elfu moja, meno kumi na saba ya Fundi Saa, dakika nne. Kisha kule mbele mwanafunzi mmoja akapata "Salamu". Kisha wa pembeni. Kisha darasa zima, safu kwa safu, likasalimiwa. Nilishika ukuta. Fundi Saa alivua lenzi akaifuta, na lenzi haikuwa na vumbi.

Mkuu wa chuo akainama kwenye kioo kimoja, akasoma kwa sauti: "Mtunzaji, Mshonaji." Kauliza ni kampuni gani hiyo. Mke wangu kasema ni yeye, na kwamba vifungo viwili vya koti lake vinaning'inia, apite nyumbani.

Saa saba mkuu kamwambia binti yangu kwamba barua ya kuthibitishwa iko kwa mpigachapa. Binti yangu kamkumbatia mama yake. Kisha Fundi Saa. Kisha mimi, muda mrefu kuliko wote, na kaninong'oneza nisiguse kitu.

Jumatano, 13 Machi

Barua zinaanza kuja. Zinamjia Mshonaji. Mtu wa mbali kaandika kwamba kifurushi kimefufua kompyuta alizokuwa anataka kuzitupa. Mwingine kaeleza hitilafu. Mke wangu kamjibu azime, asubiri, awashe, na asikimbizane nayo. Imepona! Bawabu mwenyewe kamwandikia kwamba anafurahia majibu yake mafupi.

Nami nimekaa na kalamu nikapima juma zima kwa haki, kama nilivyokuwa nikipima mitihani. Kosa lilikuwa wapi? Nimelipata. Folda ilikuwa fupi! Herufi sitini zimetuokoa. Zingekuwa mia moja na ishirini, nafasi ya kugeuzia ingekuwa kubwa zaidi, na jina langu lingeenea kabla ya muhuri, kwa utulivu, bila haraka. Hilo la kabla ya muhuri ndilo somo kuu.

Kuna zana nyingine ambayo bado haimo ghalani, ya kukagua makosa ndani ya programu. Walioibuni wameshaipika tayari, ipo, unaifunga tu. Sitaifunga. Nitaipika. Folda nimekwisha kuifungua, nimeipa jina langu, cheo changu, masomo niliyofundisha na mwaka wa kustaafu, safari hii kwa herufi kubwa ili Bawabu asipate shida kuisoma.

Nimeanza saa moja asubuhi. Maandishi yanashuka kwenye kioo kama mvua. Ajabu tupu! Naandika huku naangalia, na mke wangu anapita nyuma yangu na kitu chenye waya mkononi, sijageuka kuona ni